Zambarau ya Mjakaranda Bila Kuhariri: Jibu kwa Mpiga Picha wa Nakuru

Swali: Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Ninapiga picha za harusi na mahafali kwa kamera ya Sony a6000 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Sina kompyuta. Picha zikitoka kwenye kamera huzituma kwa simu ya mteja, au huzipeleka studio zikasafishwe jinsi zilivyo. Mwezi wa 10 kila mteja hutaka kusimama chini ya mjakaranda, lakini maua yakifika kwenye picha huwa ya buluu kama sare ya shule, na maua ya Nandi flame huwa doa jekundu tu. Katika menyu ya rangi nimeona mpangilio ulioandikwa “Autumn Leaves”. Ni wa nini, na je, unaweza kunifaa mimi ambaye sijawahi kuyaona majira hayo?

Jibu: Salamu zimefika, dada, nami nazirudisha kutoka Kisumu. Nianze na hilo jina, kwa maana limewapoteza wengi. Ukilitafuta katika kamusi huenda ukaambiwa kuwa ni vuli, lakini vuli ya watu wa kaskazini ya dunia si vuli yetu. Yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati shamba linaporudi kuwa kijani. Yao ni majira ambayo siku hufupika, baridi huingia, na miti mingi huacha kutengeneza klorofili, ile dutu inayoyapa majani ukijani wake. Ukijani ukipungua, rangi za manjano na za machungwa, ambazo zilikuwamo ndani ya jani muda wote zikiwa zimefunikwa, hujitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu mpya kabisa kabla ya majani kupukutika. Japani watu hufunga safari makundi kwa makundi kwenda kuyatazama majani hayo. Sony na Canon ni kampuni za huko, kwa hiyo si ajabu kwamba ya kwanza iliweka mpangilio wa majani hayo ndani ya kamera kama yako, na ya pili hutoa faili lake liitwalo Autumn Hues, ambalo mwenye kamera hulipakua na kulipandisha kwenye mashine yake.

Kamera yako, hata hivyo, haijui majira. Mpangilio huo ni agizo tu kwamba nyekundu na manjano zikolezwe kuliko rangi nyingine wakati kamera inapotengeneza picha ya JPEG, ile iliyokamilika ambayo simu huifungua moja kwa moja. Ukilielewa hilo, utajua mara moja mahali pa kuutumia hata kwetu. Mti ambao Waluhya huuita musutsu na Wakalenjin tebeswet huyageuza majani yake yaliyozeeka kuwa ya machungwa makali kabla ya kuyaangusha, nao unapatikana pembeni mwa msitu wa Kakamega na kwenye mipaka ya mashamba mengi ya magharibi. Mkungu nao hugeuza majani yake makubwa yakawa mekundu kama shaba. Migunga ya manjano iliyo kando ya Ziwa Nakuru, ile ambayo gome lake hung'aa jua linapolala, huupenda pia mpangilio huu. Mjakaranda haumo katika orodha hiyo, na nitakueleza kwa nini. Mashamba ya chai ya Kericho hayamo kabisa: kwa jicho langu, ukijani wake huvutwa kuelekea umanjano, na shamba lenye afya likaonekana kama limepatwa na ugonjwa.

Kosa ninaloliona kwa wapiga picha wengi wasiohariri ni kudhani kwamba rangi huanzia kwenye orodha hiyo ya mipangilio. Rangi huishia hapo. Kwanza huja mwanga wenyewe, kisha mizani ya weupe, ile ambayo menyu huiandika WB na ambayo huieleza kamera rangi ya mwanga ili kitu cheupe kibaki cheupe, kisha kiasi cha mwanga ulioruhusu uingie, na ndipo mpangilio wa rangi upewe nafasi ya kukoleza au kupooza kile ambacho tayari kipo. Aliyekosea katika lile la pili hawezi kuokolewa na la nne. Maua yako ya buluu, dada, ni tatizo la mizani ya weupe, wala si la mpangilio wa rangi.

Fikiria jinsi unavyofanya kazi. Mteja amesimama chini ya mti, kivulini, saa nne asubuhi, na mbingu ni safi. Mwanga unaomfikia hautoki kwenye jua. Unatoka kwenye anga, nao una ubuluu mwingi. Mwanga wa jua la mchana hukadiriwa kuwa Kelvini 5,200 hadi 5,500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na mwanga wenye namba kubwa una ubuluu zaidi), wa mawingu karibu 6,000, na wa kivuli chini ya anga safi hufika 7,000 hadi 8,000, na pengine kupita. Ua la mjakaranda ni zambarau iliyo karibu sana na buluu: lina buluu nyingi na nyekundu kidogo ya kuishikilia. Ukiliweka katika mwanga wa buluu bila kuieleza kamera kwamba mwanga ni wa buluu, ile nyekundu kidogo humezwa, na kinachobaki ndiyo hiyo sare ya shule unayoilalamikia.

Utaniuliza kwa nini ile mizani ya kujiendesha, AWB, haikurekebishi. Kwa sababu kazi yake ni kukisia. Hutazama rangi iliyotawala picha, ikadhani kwamba wingi wake ni kosa la mwanga, kisha ikavuta upande wa pili. Ukiijaza picha maua ya zambarau, itavuta kuelekea manjano na kijani, na zambarau itafifia. Ukirudi nyuma hatua tatu hata nyasi na gauni jeupe viingie, itakisia upya na kukupa rangi nyingine. Ndiyo maana picha kumi za mti mmoja, zilizopigwa ndani ya dakika tano, hutoka na zambarau kumi. Mwenye kompyuta huzisawazisha baadaye, lakini wewe huna baadaye hiyo, kwa hiyo uamuzi lazima uwe wako na ubaki palepale.

Weka mizani ya weupe kwa namba. Katika kamera yako chagua ile inayokuruhusu kuandika Kelvini, uanze na 6,500 ukiwa kivulini. Namba hiyo ndiyo njia ya kuiambia kamera mwanga ulioko ni wa aina gani, nayo huvuta upande ulio kinyume. Kwa hiyo kadiri namba inavyopanda ndivyo picha inavyozidi kuwa na joto. Wanaoanza hulichanganya jambo hili kila mara.

Nikupe mfano wa asubuhi moja. Nilikuwa Nakuru mwezi wa 10, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na chini ya mjakaranda mmoja kando ya barabara kulikuwa na bodaboda iliyoegeshwa, kiti chake cheusi kimetapakaa maua yaliyodondoka, mengine yakiwa yamegandana na matone ya maji. Nilipiga picha ya kwanza kwa 5,200. Maua yalikuwa ya buluu baridi, na kiti cheusi nacho kikawa na buluu, jambo ambalo ndilo lililonithibitishia kosa, maana kitu cheusi hakina rangi ya kujitetea. Nikapandisha hadi 6,500: kiti kikarudi kuwa cheusi na maua yakaingia kwenye zambarau, ingawa bado yalikuwa na baridi kidogo. Kwa 7,200 maua yalilingana na yale niliyokuwa nimeyashika kiganjani. Nikajaribu 8,500 kwa udadisi, na hapo maua yakaanza kuwa na rangi ya waridi iliyochuja, matope yaliyokuwa kwenye gurudumu yakawa ya machungwa, na nyasi zikanyauka. Fanya jaribio hilo mara moja tu, ukiwa na ua mkononi karibu na kioo cha kamera, na utajua namba ya mti wako kwa saa ile. Usitumie namba yangu. Kivuli chini ya mti wenye maua machache na kivuli kilicho kati ya mti na ukuta mweupe havifanani hata kidogo.

Ikiwa namba ni sahihi lakini bado kuna ukijani unaotoka kwenye majani na nyasi za jirani, ndani ya mizani hiyohiyo kuna jedwali dogo la mraba lenye herufi G, yaani kijani, juu na M, yaani magenta au zambarau ya waridi, chini. Sogeza nukta hatua moja kuelekea M. Hatua moja inatosha. Mbili kwa nadra. Ukivuka hapo, uso wa mteja utakuwa wa kwanza kulalamika.

Sasa mpangilio wa rangi. Kwa mjakaranda ninachagua Standard, ukolezi nikiupandisha hadi +1, na utofauti wa mwanga na giza nikiuacha kwenye sifuri. Vivid hukoleza kila kitu kwa pamoja, na kwa kuwa buluu ndiyo iliyo nyingi katika ua hili, buluu ndiyo inayonufaika zaidi. Autumn Leaves nao huipandisha nyekundu, lakini hupandisha manjano vilevile, na manjano ni hasimu wa zambarau. Picha hupata joto lakini ua hupoteza uhai wake. Nimeujaribu mara nyingi kwa matumaini, na sijawahi kuipenda picha yake hata moja.

Kwa watu jambo hili ni zito zaidi. Ngozi zetu, iwe ya maji ya kunde au nyeusi tititi, zimo upande wa machungwa na nyekundu, palepale ambapo mpangilio huo unakoleza. Bibi harusi atatoka kama aliyepakwa udongo mwekundu, na meno yake yatakuwa na umanjano ambao si wake. Mtu akiwa ndiye kiini cha picha, tumia Portrait, uache ukolezi kwenye sifuri, na uipate mizani ya weupe kwa kadi ya kijivu aliyoishika yeye mwenyewe mbele ya kifua, kwa kuwa mwanga unaomfikia umechujwa na maua na majani yaliyo juu yake. Karatasi nyeupe ya kuandikia itafaa ukikosa kadi, ingawa karatasi nyingi hutiwa kemikali za kuzing'arisha na huidanganya kamera kidogo. Maua yaliyo nyuma yatakuwa na zambarau tulivu kuliko ile ya kadi za posta, lakini hakuna mteja aliyewahi kunirudishia picha kwa sababu mti haukukolea. Waliorudisha walirudisha kwa sababu ya uso.

Nandi flame ina tatizo jingine kabisa. Hapo mizani ya weupe huwa haina hatia. Mwenye hatia ni kiasi cha mwanga. Picha ya JPEG huhifadhi kila moja ya rangi tatu za msingi kwa ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Mti wa Nandi flame una majani ya kijani kizito, na kamera ikiyaona hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga. Kijani hupata nafuu, lakini nyekundu ya maua, ambayo ilikuwa juu tayari, hugonga 255 na kubaki hapo. Petali ya mbele na petali ya nyuma zikishafika 255 zote mbili, hakuna mpaka kati yao tena, na ndipo unapopata doa. Ukija na mpangilio unaokoleza nyekundu juu ya hali hiyo, unalimwagia doa rangi zaidi.

Punguza mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa hadi -0.7, au -1 ikiwa jua linaangaza maua moja kwa moja, na ukolezi uushushe hadi -1. Ndiyo, ushushe, nyekundu hii haihitaji msaada wa mtu. Kisha fungua picha uliyoipiga na uikuze. Ua la Nandi flame lina upindo mwembamba wa manjano uliojikunja pembeni mwa petali, kama upindo wa leso. Ukiuona upindo huo katika kioo cha kamera, nyekundu yako ni salama. Usipouona, punguza tena. Kamera yako pia huonyesha histogramu ya rangi tatu, yaani grafu ya kiasi cha kila rangi kutoka giza hadi mwanga, wakati wa kutazama picha: mlima mwekundu ukiwa umeegemea ukuta wa kulia, umechelewa. Naiamini zaidi ile alama ya upindo, kwa sababu histogramu hujumlisha picha nzima na maua machache yanaweza kupotea humo.

Kuna jambo ambalo hakuna mpangilio wowote utakaokufanyia, nalo ni mng'ao. Jani lililolowa au lenye nta ni kioo; huakisi anga, na ule weupe unaouona juu yake umefunika rangi. Huwezi kukoleza rangi ambayo haikufika kwenye kamera. Kifaa chake ni kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, ambacho huondoa sehemu kubwa ya mng'ao huo na kwa upande wake hukunyima mwanga wa kati ya stopu moja na mbili, kila stopu ikiwa ni kupungua kwa nusu. Kwa anga, kina nguvu zaidi unapoelekea upande ulio pembe mraba na jua. Hapo Nakuru hesabu yake ni rahisi: alasiri jua likiwa upande wa Mau, ukitazama kaskazini kuelekea Menengai, umo katika pembe hiyohiyo. Na ikiwa wingu la mvua limejikusanya juu ya Menengai, usiondoke. Mjakaranda ulioangazwa kwa ubavu, nyuma yake kukiwa na wingu la kijivu kizito, ni picha isiyohitaji mkono wa mtu. Mti uleule mbele ya anga jeupe la saa sita huwa kijivu, na anga likawa tupu. Mwezi wa 10 jua letu hupita karibu na utosi, kwa hiyo saa za kati ya nne na tisa mimi hupiga picha za karibu tu, za maua yaliyoanguka na ya vishada vilivyo kivulini. Asubuhi na jioni nazo ni fupi kwetu kuliko wasemavyo mafundi wa Ulaya, kwa sababu jua la ikweta huchomoza na kuzama karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu wanaoupata kwa saa moja na zaidi, wewe utaupata kwa dakika chache.

Yapo mambo mawili madogo kwenye menyu ambayo huharibu kazi ya wasiohariri. Nafasi ya rangi iwe sRGB, si AdobeRGB. Hiyo ya pili inasifiwa kuwa ni pana, na ni kweli, lakini simu nyingi na mashine nyingi za studio huisoma vibaya na rangi zikafifia. Na ubora wa JPEG uwe Fine.

Na uzoee kuitazama mizani ya weupe kila unapoiwasha kamera. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za mahafali ya chuo kimoja asubuhi, baada ya usiku wa sherehe ndani ya ukumbi wenye taa za balbu. Kamera ilikuwa bado kwenye 3,000. Jua lilikuwa kali, kioo sikukiona vizuri, na nilirudi na wahitimu 140 wa buluu. Nilikuwa nimepiga JPEG peke yake, na JPEG iliyopotoka kiasi kile hairudi. Ukivuta buluu itoke, ngozi hubaki na mabaka. Tangu siku hiyo, kazi ya kulipwa naipiga kwa RAW, lile faili ghafi ambalo rangi zake huweza kurekebishwa baadaye kwenye kompyuta, na JPEG kwa pamoja, hata ninapojua kwamba RAW sitaifungua. Kwako wewe usiye na kompyuta ni bima: kadi itajaa mapema, lakini siku ya ajali utamwomba mwenye kompyuta akuokoe. Kioo nacho hukitazama nikiwa nimejifunika koti kichwani, na watu hucheka, na wacheke.

Mwisho, usirudie kuyapanga haya yote mteja akiwa anasubiri. Gurudumu la juu la kamera yako lina alama ya MR, mahali pa kuhifadhi mipangilio. Hifadhi mmoja kwa ajili ya mti: Standard, +1, Kelvini 6,500. Hifadhi wa pili kwa ajili ya mtu chini ya mti: Portrait, sifuri, mizani ya kadi. Wa tatu uwe wa Nandi flame: Standard, -1, mwanga -0.7. Ukifika mahali, geuza gurudumu, kisha usahihishe Kelvini peke yake kwa ua lililo mkononi. Na kabla ya kumtumia mteja, ifungue programu ya simu inayopokea picha kutoka kwenye kamera uangalie ukubwa unaotumwa, kwa kuwa mara nyingi huja ikiwa imewekwa kwenye nakala ya megapikseli 2, ilhali kamera yako hupiga megapikseli 24. Mteja akiipeleka nakala hiyo ndogo studio ikasafishwe kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, petali zitavurugika, naye atakuja kukuuliza wewe.